Reli ya Kompyuta na Reli ya Msagali



Katika chumba cha burudani cha seminari yetu, kati ya meza ya tenisi na kabati la bao na karata, ipo kompyuta moja ya zamani ambayo mfadhili alituletea miaka mingi kabla sisi hatujafika hapa. Haina intaneti. Nani aliyeiwekea mchezo wa treni hakuna anayesema. Inasemekana ni frateri mmoja ambaye sasa ni paroko, naye akiulizwa hucheka tu. Mchezo wenyewe ni Microsoft Train Simulator wa mwaka 2001, ambao siku hizi tunauendesha kwa programu ya bure iitwayo Open Rails. Una njia sita: mbili za Japani, mbili za Marekani, moja ya Austria na moja ya Uingereza. Sisi wanne wa mwaka wa pili wa falsafa tulishikwa na hiyo ya Uingereza, kutoka Settle hadi Carlisle. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, mpaka kengele ya Masifu ya Jioni, tulikuwa juu ya milima ya Yorkshire tukichochea makaa.

Wasioujua hudhani ni mchezo wa kitoto. Treni haina usukani. Reli ndiyo inayoamua unakokwenda. Kazi ya dereva wa kichwa cha mvuke ni kupatanisha vitu vitatu visivyopendana: moto, maji na mlima. Ukitupa makaa mengi kwa pupa, moto unafifia. Ukiingiza maji baridi mengi kwenye boila, mvuke unashuka. Ukiogopa kuyaingiza, maji yanakwisha, na hilo ni baya zaidi. Na mlima haukungoji umalize kufikiri. Kutoka Settle kwenda kaskazini reli inapanda karibu kilomita 25, na kwa kila mita 100 za mwendo unapanda mita 1. Namba hiyo ukiiandika ubaoni inaonekana ndogo. Barabara ya Lushoto ingeicheka. Lakini gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halina mshiko wa tairi juu ya lami, na treni yenye mamia ya tani inauhisi mwinuko ambao wewe unayetembea kwa miguu usingeuona. Wafanyakazi wa reli wa zamani waliupa mpando ule jina ambalo kwa Kiswahili tumelitafsiri Mkokoto Mrefu. Mara tatu za kwanza tulikwama kabla ya kufika daraja la Ribblehead, mvuke umekwisha, sisi wanne tukilaumiana kama mitume ndani ya mashua.

Mmoja wa majalimu wetu alisoma Uingereza. Jumapili moja alipita kuchukua magazeti, akasimama nyuma yetu kimya kwa muda, kisha akasema, "Hapo nimepita." Tulidhani anatania. Jumapili iliyofuata akaja na bahasha ya picha. Ndipo ulipoanza mchezo wetu wa pili, ambao kwa kweli ulitunogea kuliko ule wa kwanza: kusimamisha treni kwenye kioo, kuweka picha ya padre pembeni, na kulinganisha.

Daraja la Ribblehead lina matao 24, urefu wa mita 400 hivi, na pale penye kimo kikubwa ni mita 32 kutoka chini. Kwenye kompyuta tulijaribu kuyahesabu matao tukapata hesabu tatu tofauti, kila mtu akitetea yake; kwenye picha ya padre tukapata 24 bila ugomvi. Miti ya kwenye mchezo ni karatasi bapa mbili zilizopishana, ukisogea karibu unaona ujanja wake. Picha za padre hazikuwa na mti wowote: ni nyasi tu, mawe na mawingu. Kwenye mchezo unaweza kuchagua mvua au theluji, lakini upepo hakuna. Padre alisema kilichomshinda pale Ribblehead ni upepo. Alishindwa kushika kofia na kamera kwa pamoja, akachagua kamera. Akatusimulia kuhusu stesheni ya Garsdale, mbele kidogo, ambapo palikuwa na meza kubwa ya duara ya kugeuzia vichwa vya treni. Inasimuliwa kwamba siku moja upepo ulikikamata kichwa kikiwa juu ya meza hiyo ukakizungusha kama pia, wasiweze kukisimamisha, na baadaye wakaizungushia meza ile ukuta wa mataruma ya zamani kuzuia upepo. Mtengenezaji wa mchezo angepataje kuuchora upepo kama huo? Angepata, pengine, lakini nani angenunua?

Kuhusu Dent padre alicheka mwenyewe kabla hajasimulia. Stesheni ya Dent iko mita 350 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika njia kuu za reli za England hakuna stesheni iliyo juu kuliko hiyo. Sisi tulikuwa tukisimama pale kila safari, tunafungua breki, tunaondoka, tukijua tumefika Dent. Padre naye alishuka akijua amefika Dent. Kumbe kijiji cha Dent kiko bondeni, zaidi ya kilomita 6 kutoka stesheni, na barabara ya kushuka ni kama ngazi. Alitembea. Kurudi ndiko hakutaka kutusimulia.

Lipo kosa moja la mchezo lililotufurahisha zaidi. Kichwa ulichopewa kuendesha ni Flying Scotsman, kichwa maarufu kuliko vyote Uingereza, kilichotengenezwa Doncaster mwaka 1923. Lakini enzi hizo kichwa hicho kilikuwa mali ya kampuni nyingine, kikifanya kazi njia ya mashariki kati ya London na Edinburgh. Njia ya Settle haikuwa yake hata kidogo. Mtengenezaji alichukua bwana harusi wa huku akamwozesha kule, kwa sababu ya jina. Tulijiona wajanja sana kuligundua hilo. Kisha padre akatuambia kwamba mwaka 2016 udongo uliporomoka sehemu iitwayo Eden Brows, karibu na Carlisle, njia ikafungwa, na ilipofunguliwa tena tarehe 31 Machi 2017 treni maalumu ya kusherehekea ilivutwa na Flying Scotsman. Kwa hiyo mchezo ulidanganya mwaka 2001, na baada ya miaka 16 ukweli ukaufuata uongo. Tulibishana juu ya jambo hilo siku mbili, hata kwenye kazi za mikono, majembe yakiwa yamesimama.

Picha ya mwisho katika bahasha haikuwa ya reli. Ilikuwa ya ua wa kanisa dogo la Kianglikana huko Chapel-le-Dale, bondeni chini ya Ribblehead. Reli ile ilijengwa kuanzia mwaka 1869, treni za abiria zikaanza mwaka 1876, na ilijengwa kwa mikono: sururu, beleshi, baruti na farasi. Pale penye daraja na handaki la Blea Moor, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2, paliota vijiji vya vibanda vya mbao vya wafanyakazi na wake zao na watoto. Kimoja kiliitwa Jericho, kingine Sebastopol. Mwaka 1871 ndui iliwaingia. Waliokufa kwa ugonjwa na kwa ajali waliletwa Chapel-le-Dale, zaidi ya 200, mpaka ua wa kanisa ukalazimika kuongezwa. Makaburi mengi hayana jiwe. Padre alisema alifika pale bila kujua, akitafuta mahali pa kujikinga na mvua.

Tulirudi kwenye kompyuta tukajaribu kushuka kutoka darajani kuelekea upande huo. Kwenye mchezo, ukiiacha reli ukaenda pembeni, unakuta rangi ya majani inayojirudia, kisha baada ya mwendo kidogo dunia inaisha.

Hapa msomaji anajua kinachofuata. Ni wanafalsafa wa mwaka wa pili. Lazima watuletee pango la Plato. Tunajua wasomaji wa gazeti hili wamelishwa pango hilo karibu kila toleo, na tungependa kuwaonea huruma. Lakini ni kweli mmoja wetu alisema pale pale kwamba mchezo ni vivuli vya ukutani na sisi ni wale wafungwa, tena tuliojifunga wenyewe kwa hiari kila Jumapili. Mwingine akamjibu kwa Aristotle: roho haifikiri kamwe pasipo taswira, na mtu ambaye hajafika Yorkshire ataanzia wapi kuifikiria isipokuwa kwa taswira? Tukaona tumemaliza. Swali likawa zuri kwa insha ya epistemolojia. Mmoja aliiandika, akapata alama nzuri, na haikuwa na neno hata moja kuhusu yale makaburi.

Wakati wa Kwaresima tuligundua mchezo mwingine ndani ya mchezo. Ukifika karibu na kilele cha Ais Gill, mita 356 juu ya usawa wa bahari, ukafunga mvuke na kulegeza breki zote, treni inasimama, inasita kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, halafu inaanza kurudi nyuma. Mwanzoni taratibu. Baadaye kwa kasi ambayo kichwa hakikuwahi kuipata kikienda mbele. Unahamisha kamera nje, unaangalia mabehewa yakikimbia kinyume, ya mwisho yakiwa ya kwanza, mpaka kwenye kona fulani yanapinduka na kioo kinakuandikia kwamba treni imeacha reli. Unabonyeza, unaanza upya. Tulifanya hivyo mara tano au sita siku hiyo, tukipiga makofi na kutabiri kona ipi.

Mmoja wetu, mwenzetu wa Ugogoni, ndiye aliyekuwa ameshika saa kupima muda. Aliiweka saa mezani akatoka. Hatukumtilia maanani. Jioni kwenye Masifu alikuwapo, kwenye chakula alikuwapo, hakusema neno. Usiku, kabla ya ukimya mkuu, alitukuta kwenye korido akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba mkubwa alikufa kwa treni iliyorudi nyuma."

Wengi wetu tuna miaka 25 sasa. Tarehe 24 Juni 2002 tulikuwa watoto wa miaka miwili, tukinyonyeshwa au tukiachishwa. Siku hiyo, kati ya Igandu na Msagali, mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu zaidi ya 1,200 ilishindwa mlimani, ikarudi nyuma bila breki kuishika, ikagonga treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Kila mmoja wetu alikuwa amewahi kuzisikia habari hizo, redioni au kwa wazee, kama mtu anavyosikia habari za MV Bukoba: jambo kubwa lililotokea kwa watu wengine. Tulikuwa tumekaa meza moja na mwenzetu huyu miaka minne, tukijua anapenda mlenda na anakoroma, na hilo hatukulijua.

Hatukuomba radhi vizuri. Ni vema kukiri. Mmoja alisema, "Pole sana, hatukujua," mwingine akasema, "Ungetuambia," neno ambalo lilikuwa kama kumrudishia kosa yeye. Kengele ikatuokoa.

Tuliiacha kompyuta mpaka baada ya Pasaka. Katika muda huo mmoja wetu alikwenda kwenye chumba cha intaneti kutafuta kama huko kwenyewe, kwenye kile kilele tulichokuwa tukikichezea, kumewahi kutokea ajali. Hakutafuta kwa dakika nyingi. Usiku wa tarehe 2 Septemba 1913 treni mbili za abiria ziliondoka Carlisle kwenda kusini, ya pili ikiifuata ya kwanza kwa dakika 14. Ya kwanza ilikuwa na uzito uliozidi kidogo kiwango cha kichwa chake. Dereva aliomba kichwa cha pili cha kumsaidia, hakikupatikana. Makaa yalikuwa mabaya, yamejaa vumbi. Mvuke ukashuka pole pole kama ulivyokuwa ukitushukia sisi, na treni ikasimama chini kidogo ya kilele cha Ais Gill. Walidhani ni dakika chache tu, kwa hiyo hakuna aliyekwenda nyuma kuweka tahadhari. Dereva wa treni ya pili alikuwa amehangaika na kupaka mafuta mashine yake na kifaa cha kuingizia maji kwenye boila. Ishara za kumzuia zikampita. Akaigonga ile ya kwanza kwa nyuma, moto ukashika mabehewa. Watu 16 walipoteza maisha.

Tulisoma habari hiyo kwa namna ambayo hatujawahi kuisoma habari ya ajali. Kila kitu ndani yake tulikuwa tumekwisha kukishika kwa vidole. Makaa mabaya: tunajua. Sindano ya mvuke inashuka, na wewe unafanya hesabu ya kilomita zilizobaki: tunajua. Kuinama kushughulikia maji na kuinua macho ukakuta umepita ishara: tumefanya hivyo mara ngapi! Mchezo ulitufundisha hayo yote, tena kwa uaminifu, na ndiyo maana hatuwezi kujiunga na wale wanaosema ni kivuli tu. Mteremko uliomo ndani ya ile kompyuta ni mteremko wa kweli. Wakati tulipokuwa tukiachia breki na kupiga makofi, nguvu iliyokuwa ikiyavuta mabehewa nyuma ilikuwa imehesabiwa kwa kanuni ile ile iliyoyavuta mabehewa ya mwaka 2002.

Likizo ya katikati ya mwaka mwenzetu alitualika kwao. Nadhiri ya kutozungumzia treni tuliyokuwa tumewekeana sisi watatu ilivunjika mapema, kwa kuwa ilibidi tupande treni. Tulipanda ile mpya ya umeme Morogoro kwenda Dodoma. Namba ya kasi iliandikwa juu ya mlango, nasi kwa tabia tuliyoizoea tuliiangalia kila mara: 120, 140, 158. Inapita milima ya Kilosa ndani ya mahandaki, giza, mwanga, giza, na hakuna anayechochea chochote. Penye nafasi unaiona kwa chini reli ya zamani, ile iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, nyembamba, imejikunja pamoja na mto. Mwenzetu alikaa upande wa dirisha la upande ule. Hakusema kitu, nasi tukajadili bei ya maji ya chupa.

Nyumbani kwao tulipokelewa na bibi yake, mama wa marehemu. "Mbukwenyi," akatuambia, tukajibu kama tulivyofundishwa njiani, akacheka matamshi yetu. Alitupa mikeka chini ya mkwaju, akataka kujua kila mmoja anatoka jimbo gani na mama yake anaitwa nani. Ugali wa uwele ulipokuja, na mlenda, mwenzetu akiwa amekwenda kuteka maji, bibi alituuliza tunafanya nini huko seminari tukimaliza kusoma. Tulipaswa kusema tunacheza mpira. Mmoja wetu, ambaye uongo humshinda hata pale unapofaa, akasema tunaendesha treni kwenye kompyuta.

Bibi akataka kuelezwa. Tukamweleza: reli, milima, makaa, abiria wanaosubiri kwenye stesheni. Alisikiliza akichambua mboga.

"Na ikianguka?"

Tukatazamana. "Unaanza upya, bibi."

"Na wale abiria?"

"Hawapo, bibi. Wamechorwa tu."

Alikaa kidogo. "Afadhali," akasema.

Kisha akatuongezea mlenda. Sisi tulikuwa tumejiandaa kwa neno jingine. Tulikuwa tumejiandaa kukemewa, na pengine tungependa kukemewa. Lakini aliyesema alikuwa mama aliyezika mtoto, naye aliona ni jambo jema kwamba mahali fulani duniani ipo treni inayoweza kuanguka bila mtu ndani.

Ni yeye aliyemwambia mjukuu wake atupeleke kwenye reli. Tulikwenda jioni, jua limelegea, tukipita mashamba yaliyokwisha kuvunwa na mibuyu isiyo na majani. Reli ya zamani ipo: mataruma ya chuma yenye kutu, kokoto, mavi ya mbuzi. Mwenzetu alionyesha kwa kidevu upande wa Igandu, kisha upande wa Msagali. Hatukusogea kwenda pale hasa ilipotokea, wala hatukuomba.

Tulichokuwa tumekuja kukiona, bila kuambiana, ni ule mlima. Hatukuuona. Tulisimama kandokando ya reli tukatazama huku na huku, na macho yetu yote manane hayakukubaliana ni upande upi uko juu. Kwenye kompyuta kuna namba pembeni ya kioo inayokuambia mpando umefikia kiasi gani, na tulikuwa tumeizoea mno. Hapa palikuwa na ardhi, ya rangi moja, inayoonekana tambarare. Mmoja akainama kama fundi seremala, jicho moja amelifumba, akadai unapanda kuelekea Igandu. Mwingine akasema ni kinyume.

Mtoto wa miaka kama saba alikuja kwenye njia ya miguu inayofuata reli, anaendesha ringi la baiskeli kwa kijiti. Alipotuona akasimama kutushangaa, akasahau kijiti. Ringi likaendelea. Lilimpita taratibu, likanyooka na njia, likaongeza mwendo kuelekea Msagali, mtoto akashtuka akalikimbilia, na kwa muda mrefu hakulipata.

Hakuna aliyesema neno. Mwenzetu wa Ugogoni alilitazama ringi mpaka mtoto alipolikamata. Akasema baba mkubwa alikuwa anarudi na redio ya bibi. Hatukujua kama anatuambia sisi. Giza likaanza, tukarudi kwa njia ile ile.

Seminari ilipofunguliwa ni yeye aliyeiwasha kompyuta, Jumapili ya kwanza. Alichagua Ais Gill, lakini safari hii akitokea Carlisle, upande ule wa treni za mwaka 1913. Aliendesha vizuri kuliko sisi sote. Ana subira na moto. Chini kidogo ya kilele alifunga mvuke, akasimama, akakaza breki. Hatukuuliza. Tulitazama moshi uliochorwa ukipanda juu ya nyasi zilizochorwa. Baadaye kidogo akaachia breki, akafungua mvuke, magurudumu yakateleza mara mbili, yakashika, akavuka.

Mwezi Novemba, kama kila mwaka, karatasi ya marehemu wa kuombewa ilibandikwa mlangoni mwa sakristia. Mwenzetu aliandika jina la baba mkubwa wake. Chini yake sisi tukaandika: waliofariki Msagali 2002, waliofariki Ais Gill 1913, wajenzi waliozikwa Chapel-le-Dale. Siku ya pili frateri wa sakristia alitusimamisha baada ya kifungua kinywa, karatasi mkononi, akitaka kuinakili vizuri kwa ajili ya altare. Akauliza Ais Gill ni parokia ya jimbo gani.

Tukamwambia si parokia, ni mlima. Akaandika.